Uliza Ujibiwe: Michoro ya kazi, na mahali pa kuiweka

Mwezi huu mhariri amenikabidhi furushi la barua kuhusu jambo moja: kuchora michakato ya kazi kwa kompyuta. Nani anafanya nini, baada ya nani, na mchoro wenyewe ukishakamilika unawekwa wapi. Mimi ni mchambuzi wa michakato tangu enzi za kubandika vikaratasi ukutani, kwa hiyo mmenikuta nyumbani. Barua ndefu nimezifupisha na majina nimeyaondoa.

Faili tatu, zote za "mwisho"

*Shikamoo Mama. Mimi ni ofisa ubora katika kampuni ya usambazaji. Tulichora michakato yetu yote kabla ya ukaguzi wa ISO 9001, kile kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa ubora. Sasa kwenye seva kuna faili inayoitwa "malipo_ankara_mwisho", nyingine "malipo_ankara_mwisho_2", na ya tatu "malipo_ankara_mwisho_HII". Idara ya fedha inafuata moja, manunuzi wanafuata nyingine. Bosi anataka tununue programu kubwa yenye hifadhi ya pamoja ya michakato. Je, itatuponya?*

Marahaba. Itawasaidia, ila si pale panapowauma sasa hivi.

Nianze na kile mnachokwenda kununua, kwa sababu wauzaji hupenda kuonyesha rangi na kuacha kiini. Folda ya michoro ni folda ya picha. Kisanduku "Hakiki ankara" kikitokea kwenye michoro mitatu, kompyuta inaona visanduku vitatu visivyojuana. Ndani ya hifadhi ya michakato, "Hakiki ankara" husajiliwa mara moja, kisha michoro yote mitatu hukiita kitu hichohicho. Ukibadilisha jina lake, linabadilika kote. Na hifadhi inajibu maswali ambayo folda haiwezi: mfumo wa uhasibu ukizimwa Ijumaa usiku, kazi zipi zitasimama? Cheo cha mhakiki kikifutwa, kimetajwa kwenye michakato ipi? Wazo hili si geni. August-Wilhelm Scheer wa Chuo Kikuu cha Saarland, Ujerumani, ndilo alilolijengea ARIS, mfumo wake wa kuchora na kuhifadhi michakato, mwanzoni mwa miaka ya 1990: mchoro ni namna moja tu ya kuitazama data, na data yenyewe inakaa kwenye hifadhidata. Signavio, iliyoanzishwa Berlin mwaka 2009 na kununuliwa na SAP mwaka 2021, inafanya kazi hiyo ndani ya kivinjari na ina kamusi yake ya majina.

Lakini mkizipakia faili zenu tatu humo, mtakuwa na michakato mitatu ya kulipa ankara ndani ya hifadhi ya bei mbaya. Programu haijui ipi ndiyo. Anayejua ni mtu, na kwa barua yako naona mtu huyo bado hajateuliwa.

Basi fanya hivi kabla hujasaini chochote. Waite fedha na manunuzi chumba kimoja. Chapisha faili zote tatu kwenye karatasi kubwa, uzitundike sambamba. Usiulize ipi ni sahihi, maana watabishana mpaka jioni na kila mmoja atatoka na yake. Waulize: ankara ikifika bila namba ya oda ya ununuzi, inakwenda kwa nani? Ankara safi kila mtu anaijua njia yake, na michoro yote mitatu pengine inakubaliana hapo. Ugomvi hujificha kwenye ankara yenye kasoro: kiasi kimezidi kilichoagizwa, mzigo umepokelewa nusu, ankara ileile imetumwa mara mbili kwa barua pepe mbili. Pitieni kasoro hizo moja baada ya nyingine, na kila mnapoafikiana andika palepale kwa kalamu nyekundu juu ya mchoro.

Kisha teueni mmiliki mmoja wa mchakato wote, tangu ankara inapopokelewa hadi fedha zinapotoka. Awe mtu mwenye mamlaka ya kusema "kuanzia Jumatatu tunafanya hivi", na idara zote mbili zikatii. Mara nyingi sana naona umiliki ukipewa kijana anayejua programu kuliko wenzake. Huyo ni mchoraji, na mchoraji hawezi kumwamuru mkuu wa fedha.

Jambo la majina nalo lisisubiri programu. Michoro yenu nina hakika inamtaja mtu mmoja kama "muuzaji", "msambazaji" na "mzabuni". Chagueni jina moja, mliandike na maana yake kwa sentensi moja, mfunge mjadala. Hifadhi isiyo na kamusi hujaa vitu pacha ndani ya mwaka mmoja, na kuviunganisha baadaye ni adhabu.

Yaliyobaki ni utaratibu: kila mchoro uwe na hali yake inayoonekana (rasimu, unapitiwa, umeidhinishwa, umestaafishwa), tarehe ya kupitiwa tena, wasomaji wengi na wahariri wachache. Na mtu akiomba mchoro, mtumie kiungo. Ukimtumia PDF umezaa "mwisho_3".

Kuhusu wakaguzi: ISO 9001 toleo la 2015 linataka taarifa zenu za maandishi zipatikane zinapohitajika na mabadiliko yake yadhibitiwe. Halitaji programu yoyote, wala halilazimishi kila mchakato uwe na mchoro. Muuzaji akikwambia bila programu yake mtafeli ukaguzi, mwombe akuonyeshe kifungu.

Inaonekana safi, lakini inakwama

*Dada, habari za kazi. Najifundisha mwenyewe BPMN, ile lugha ya alama za kuchora michakato, kwa programu ya Camunda Modeler. Nimechora ombi la likizo. Msimamizi akikubali, rasilimali watu wanapunguza siku kwenye rekodi. Akikataa, mwombaji anaandikiwa sababu. Baadaye njia zote mbili zinakutana ili ombi lifungwe. Pa kuachana nimeweka almasi yenye X, pa kukutana nimeweka almasi yenye alama ya kujumlisha. Mwenzangu anasema itakwama. Kwa macho mimi naona iko sawa. Nani mkweli?*

Nzuri, ahsante. Mkweli ni mwenzako, na usione aibu kumwambia.

Chukua kifungo cha shati, kiweke kwenye duara la kuanzia, kisukume kwa kidole kufuata mishale. Kwenye almasi ya X kinachagua njia moja tu. Tuseme msimamizi amekubali: kifungo kinapita kwa rasilimali watu, kinafika kwenye almasi ya kujumlisha. Almasi hiyo, inapokusanya njia, ina kanuni moja: hairuhusu kitu kupita mpaka kila mshale unaoingia umeleta kifungo chake. Mshale wa "amekataa" hautaleta kitu, kwa sababu hakuna aliyekataa. Ombi litakaa hapo milele. Mchoro ukiwa kwenye karatasi, msomaji anakusamehe kwa sababu anaelewa ulichokusudia. Ukiupeleka kwenye injini, yaani programu inayoendesha michakato, injini haielewi makusudio. Weka X pa kuachana na X pa kukutana.

Kosa la kinyume ni baya zaidi kwa sababu halikwami, linakimbia. Ukigawa kwa alama ya kujumlisha, vifungo vinakuwa viwili, kila njia na chake. Ukivikutanisha kwenye X, X inapitisha kila kinachofika bila kusubiri, na yote yanayofuata yanatendeka mara mbili. Kwenye likizo, mtu atapata barua mbili za kufunga ombi, tutacheka. Kwenye malipo, hakuna atakayecheka.

Kama umechoka kusukuma kifungo, watengenezaji wa bpmn.io, zana za kuchora BPMN, wana nyongeza inayoonyesha tokeni zikitembea kwenye mchoro. Hiyo tokeni ndiyo kifungo chako. Mimi bado nampa kila mwanafunzi kifungo kwanza. Kidole kinafundisha kuliko uhuishaji.

Naona kitu kingine ambacho hukuniuliza. Msimamizi akisafiri bila kujibu, ombi lako linakwenda wapi? Kwenye mchoro wako haliendi kokote. Bandika duara lenye saa kwenye ukingo wa kisanduku "Amua ombi", utoe mshale kuelekea kwa naibu wake. Duara likiwa na mstari usiokatika, muda ukifika kazi ya msimamizi inafutwa na naibu anachukua. Likiwa na mstari wa vidoti-vidoti, msimamizi anabaki na kazi yake, ila mtu mwingine anakumbushwa au anaarifiwa. Tofauti hiyo ndogo ya mstari waulize wenye kazi, usiamue mwenyewe: kuna mabosi ambao hawatakubali kamwe uamuzi wao uchukuliwe na saa.

Na almasi yenye duara ndani, ile ya "moja au zaidi", iache mpaka ikulazimu. Watafiti Jan Mendling, Hajo Reijers na Wil van der Aalst walipotoa miongozo yao saba ya kuchora michakato mwaka 2010, kuikwepa almasi hiyo ulikuwa mmoja wapo. Mwingine ni kuugawa mchoro unaozidi vitu 50. Mwingine, ambao ningeutundika ukutani kwa kila mchambuzi, ni kuipa kazi jina lenye kitenzi na kinachotendwa: "Punguza siku za likizo". Wengi huandika "Rasilimali watu" ndani ya kisanduku, na msomaji hajui hao rasilimali watu wanafanya nini humo.

Lazima nizijue alama zote?

*Mwalimu, nimefungua waraka wa BPMN nikakata tamaa. Kuna maduara ya kila namna. Nitaanzia wapi?*

Ufunge. Waraka huo una kurasa zaidi ya 500 na uliandikwa kwa ajili ya watengenezaji wa programu. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 2004, la 2.0 likatolewa na shirika la viwango la OMG mwaka 2011, na mwaka 2013 likawa kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 19510. Toleo la 2.0 ndilo lililoongeza namna moja ya kuhifadhi mchoro kama faili ya XML (maandishi yenye muundo ambao programu huusoma), ndiyo maana waraka ulinenepa na ndiyo maana leo unaweza kuchora kwenye programu moja ukafungua kwenye nyingine.

Wewe anza na duara jembamba la mwanzo, duara nene la mwisho, kisanduku cha kazi, almasi ya X, almasi ya kujumlisha, duara la bahasha, duara la saa, na leni za kutenganisha wahusika. Kwa hizo unaweza kuchora sehemu kubwa ya kazi za ofisi. Frank na Lillian Gilbreth walipowasilisha chati zao za michakato mbele ya chama cha wahandisi mitambo cha Marekani mwaka 1921, hoja yao kubwa ilikuwa kazi ionekane kwa jicho kabla haijabadilishwa. Mchoro ambao mhasibu hauelewi bila wewe kusimama kando na kueleza haujafikia hata hapo.

Michoro ndani ya Git

*Dada, sisi ni timu ya waandishi wa programu. Tunataka faili za BPMN tuziweke kwenye Git, mfumo wa kutunza matoleo ya faili, pamoja na msimbo. Wengine hapa wanachora kwa draw.io na wanasema ni yaleyale. Utatushauri nini?*

Ziwekeni, ni pazuri. Mnapata historia, mnajua nani alibadilisha nini, na mchoro unasafiri pamoja na msimbo unaoutekeleza.

Si yaleyale. Draw.io nayo inahifadhi XML, na maumbo ya BPMN inayo, lakini kwake ni maumbo tu. Inajua pana mstatili wenye pembe za mviringo mahali fulani; haijui kuwa hiyo ni kazi inayofuata baada ya nyingine. Hamtaweza kuendesha faili hiyo kwenye injini wala kuikagua kama ina mkwamo. Kwa mchoro wa ubaoni wa kikao cha asubuhi, tumieni bila wasiwasi.

Mtakachokutana nacho ni hiki. Faili ya .bpmn ina sehemu mbili: ya kwanza inasema kazi zipi zipo na zinafuatana vipi, ya pili inasema kila kisanduku kimekaa wapi kwenye ukurasa. Mtu akisogeza kisanduku kidogo ili mchoro upendeze, Git itaonyesha mistari kadhaa imebadilika, na mpitiaji atafikiri mchakato umegeuzwa. Wakati huohuo badiliko la kweli, mfano sharti la "zaidi ya siku tano" kuwa "zaidi ya siku kumi", ni mstari mmoja uliozama katikati ya kelele hiyo. Kubalianeni: kupanga muonekano kuwe komiti yake (badiliko linalohifadhiwa peke yake), kubadili maana kuwe komiti yake.

Watu wawili wasihariri faili moja kwa wakati mmoja. Kuunganisha XML ya mchoro kwa mkono kunazaa mishale inayoelekea kwenye visanduku visivyokuwepo. Michakato midogo inayoitana ni salama kuliko bahari moja ya mchoro. Na vitambulisho vile vya ovyo ambavyo programu hujitungia, vibadilisheni mapema viwe na maana, kabla msimbo haujaanza kuvitegemea. Baadaye kila mtu ataogopa kuvigusa.

Kitu kimoja timu za programu husahau: mkuu wa fedha hafungui Git. Wekeni hatua ya kutoa picha ya SVG kila mabadiliko yanapopita, na kuichapisha kwenye ukurasa wa ndani wenye anwani isiyobadilika, tarehe na jina la aliyeidhinisha. Bila hivyo mtakuwa na hifadhi nzuri inayosomwa na nyinyi wenyewe.

Tuliwaambia wanachotaka kusikia

*Mama, nasimamia ghala. Wachambuzi walikuja na kompyuta zao wakatuuliza kazi tunaifanyaje. Tukawaeleza vile utaratibu unavyotaka. Ukweli ni kwamba mzigo wa haraka unatoka kwanza kwa simu, karatasi zinafuata baadaye. Sasa mchoro umeidhinishwa na umebandikwa ukutani. Tukae kimya?*

Msikae kimya, lakini pia msijilaumu. Swali "kazi mnaifanyaje?" likiulizwa mbele ya meneja lina jibu moja tu duniani, na hao wachambuzi walipaswa kulijua hilo. Mimi huomba kitu kingine: "Nionyeshe mzigo wa mwisho uliotoka hapa." Mtu anatoa karatasi yake. Nauliza saa iliyoandikwa kwenye karatasi, halafu saa ambayo lori liliondoka getini. Saa ya lori ikitangulia ile ya karatasi, mazungumzo ya kweli yanaanza yenyewe na hakuna aliyeshtakiwa.

Nenda kwa mmiliki wa mchakato na karatasi za namna hiyo, chache zinatosha. Usimwambie mchoro ni uongo. Mwambie mchoro umekosa njia moja, ya mzigo wa haraka, na njia hiyo inahitaji jina, mtu wa kuidhinisha kwa simu, na muda ambao karatasi lazima ziwe zimefika. Ikichorwa, inakuwa halali na mnaweza kuitetea siku ya hesabu ya bidhaa. Isipochorwa, siku kitu kikipotea lawama itamwangukia aliyepokea simu.

Pengine mtaambiwa kuwa haina haja ya kuuliza watu, ipo programu ya kuchimbua michakato kutoka kwenye rekodi za mfumo. Ipo kweli, na taaluma hiyo imekuzwa sana na huyohuyo van der Aalst niliyemtaja, akiwa Eindhoven, Uholanzi. Inahitaji mambo matatu kwa kila rekodi: namba ya shauri (kwenu, namba ya mzigo), jina la kazi iliyofanyika, na wakati. Kutokana na hayo inachora njia zote ambazo mizigo ilipita kweli, pamoja na zile ambazo hakuna aliyezitaja kwenye kikao. Naipenda. Ila kwenu ingeona mzigo umetoka saa nne na karatasi zimeingizwa saa nane, isingeona simu. Ingesema mmevunja utaratibu bila kujua nani aliagiza. Kwa hiyo hata ikija, wewe bado unahitajika chumbani. Na kabla haijawashwa, ulizeni majina ya wafanyakazi yatafichwa au la, maana rekodi zilezile zinazoonyesha njia ya mzigo zinaonyesha pia nani alichelewa.

Mchoro wa ukutani, muombe mmiliki aandike juu yake "unapitiwa upya" na tarehe, wakati mnasubiri.

Kwa ufupi

*Kati ya leni ya mauzo na leni ya ghala, ndani ya kampuni moja, nitumie mshale wa vidoti wenye bahasha?*

Hapana. Mshale wa vidoti ni wa ujumbe unaovuka kutoka fremu ya shirika moja kwenda fremu ya jingine, kama wewe na mteja. Leni ndani ya fremu moja zinapokezana kazi kwa mshale wa kawaida, usiokatika. Programu nyingi zitakukatalia ukijaribu kinyume, na ikikukatalia, isikilize.